Bahasha Tatu kwenye Kabati la Nyuzi

Kiwandani,
3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Najua ukiiona bahasha hii nyembamba utasema dada kaandika kwa sababu ana shida. Umepatia.

Jana saa nne asubuhi tarishi wa mahakama alikuja akabandika karatasi langoni, juu kabisa ya kile kibao alichokipaka rangi marehemu baba kwa mkono wake. Fundi Mkuu alijaribu kuibandua kwa maji ya moto. Ikatoka, ikatoka na herufi mbili za jina la kiwanda.

Benki imetushtaki. Muuza Nyuzi naye ametushtaki, yule yule aliyekuwa akija kunywa chai ofisini na kuniita shemeji. Mkopo wa zile mashine nane mpya haujalipwa miezi saba sasa. Unakumbuka nilikuandikia kwamba shule moja kubwa imeagiza sweta elfu moja za zambarau? Shule ilipata mwalimu mkuu mpya, naye akasema zambarau hapana. Tulikuwa tumeshazifuma zote. Mlinzi anavaa zambarau, Fundi Mkuu anavaa zambarau, na Mama amevaa zambarau tangu Oktoba bila kujua, maana nilimwambia ni bluu.

Sasa nisikilize. Wakili wetu amehangaika, na wadai wamekubali kitu kimoja: tulipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu, kesi ziishe, wasiiguse nyumba. Ndiyo, nyumba anayoishi Mama ipo rehani. Niliiweka kwa ile idhini uliyonipa tulipomzika baba. Lakini safari hii wadai hawataki sahihi yangu peke yangu. Wanataka wenye kiwanda wote wawili, mbele ya shahidi, na karatasi ifike mahakamani kabla ya tarehe 14 Machi. Isipofika, hukumu itatoka na nyumba itapigwa mnada. Karatasi yenyewe nimeiambatanisha. Mahali pa sahihi yako nimepatia alama ya kalamu nyekundu.

Ningekupigia simu, lakini huko kambini kwenu mtandao hakuna, na hata ungekuwepo, sote tunajua simu zetu huishaje.

Mama hajui lolote. Mashine zimenyamaza upande mmoja, nimemwambia zinatengenezwa. Macho yake sasa hayaoni hata mwanga wa dirishani. Anachojua yeye ni barua zako. Nikitoka kiwandani miguu imevimba, nakaa kwenye kile kiti kifupi, namsomea jinsi mwanawe anavyopima nchi. Tukifika kwa yule mbuzi aliyekula kibendera chenu chekundu mkalazimika kupima mlima upya, anacheka mpaka anakohoa. Kisha anasema, "Soma tena." Mara tatu, mdogo wangu. Mimi napima mabega ya watoto wa shule mwaka wa kumi na tisa huu, na hakuna aliyewahi kuniambia soma tena.

Basi. Ukiwa na moyo, tia sahihi.

Dada yako

---

Kambini,
17 Februari

Dada,

Barua yako imechukua siku kumi na nne. Nimeisoma nikiwa nimesimama, karibu na gari lililoileta, na nilipomaliza sikuweza kukaa.

Umeiweka rehani nyumba ya Mama, na mimi napewa habari pamoja na karatasi ya mahakama na alama ya kalamu nyekundu, kama mwanafunzi anayeonyeshwa alipokosea. Idhini nilikupa ili usihangaike kunitafuta kila ukinunua sindano. Sikukupa kwa ajili ya nyumba.

Halafu unanisimanga kwamba Mama anacheka nikiandika. Hujui unaniambia nini. Kicheko hicho unakisikia wewe. Mimi nakisoma kwenye barua yako, tena kikiwa kimeshachachuka. Kila asubuhi unamshika mkono unampeleka bafuni, unajua leo goti lipi linamuuma. Mimi namjua Mama wa miaka sita iliyopita. Baba alipolala kitandani alikuita wewe akakupa funguo. Mimi nilipewa nauli.

Nimemwandikia Mama. Mengine utayapata kwake.

Mdogo wako

---

Kiwandani,
20 Machi

Mdogo wangu,

Hongera. Tarehe 14 ilifika, ikapita.

Nilikaa kwenye benchi la mahakama tangu saa mbili. Kila mlango ulipofunguliwa Wakili aligeuka, akidhani ni mtu wa posta. Mimi sikugeuka. Wakili wa benki alisimama akasema upande wa pili haujatoa sahihi, akakaa. Hata dakika tano hazikuisha. Hukumu imetoka. Nyumba itapigwa mnada tarehe 30 Aprili.

Juzi dalali wa mahakama alizunguka kiwandani na chaki akiziandika mashine namba. Mashine ya zamani ya baba, ile unayoijua, imeandikwa namba tisa. Wanawake kumi na wanne walisimama ukutani wakimtazama. Yule aliyekufundisha kufunga fundo aliniuliza, "Mdogo wako anajua?" Nikamwambia anajua. Akafunga mdomo, na huyo huwa hafungi mdomo.

Nilikuwa najua hutasaini. Nimekujua tangu unatambaa. Wewe ni wa kuja siku ya sherehe na zawadi mkononi, watu wakusifu umekua, kisha uondoke kabla ya kuosha vyombo. Umemwandikia Mama, sawa. Mama ni mzima, na barua zako anazifurahia kama kawaida. Ulichotaka kumwambia kuhusu mimi kimekwama njiani.

Nitamhamishia wapi, sijui. Anakijua chumba chake kwa vidole, mdogo wangu. Hatua saba kufika mlangoni, nne kufika dirishani. Nitamfundisha chumba kipya kwa sauti gani?

Dada yako

---

Kambini,
30 Machi

Dada,

Hebu soma hii polepole.

Nilisaini. Nilisaini siku ile ile, tarehe 17 Februari, mbele ya mkuu wa kambi, kwenye alama yako ya kalamu nyekundu, nikaiweka karatasi ndani ya barua ya Mama. Bahasha ilikuwa nene mpaka dereva akauliza kama natuma kitabu. Ilitakiwa ifike kwenu mwanzoni mwa Machi.

Unasema Mama anazifurahia barua zangu kama kawaida. Barua ipi? Hiyo ya mwisho haina cha kufurahisha, ina karatasi ya mahakama. Na Mama haoni. Msomaji ni nani hapo nyumbani kama si wewe? Ungeifungua ungeiona kabla hujafika mstari wa pili.

Utauliza kwa nini sikuiweka kwenye barua yako. Nilitaka Mama akukabidhi kwa mkono wake. Nilitaka siku moja, moja tu, iwe mimi niliyefanya kitu pale nyumbani, na Mama ajue, na wewe uwepo. Hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi ya kuokoa nyumba nikaizungusha njia ndefu. Naona aibu kuyaandika.

"Kimekwama njiani" maana yake nini? Bahasha iko wapi, dada?

Mdogo wako

---

(Kwa Mama. Muhuri wa posta 19 Februari. Imefunguliwa 9 Aprili, mbele ya karani wa mahakama.)

Kambini,
17 Februari

Shikamoo Mama,

Hujambo na magoti? Huku baridi ya asubuhi ni kali, lakini sina shida. Kila kambi ninayofika navaa ile sweta nzito ya kijivu aliyonifumia Dada. Wenzangu wananionea wivu, mmoja ametaka kuinunua mara mbili. Nimemwambia haiuzwi, fundi wake hana mfano. (Dada, najua unaruka hapa. Usiruke.)

Mama, kiwanda kimepata shida kidogo. Usiogope. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwambie Dada akuwekee mkononi. Umeipata? Sasa mrudishie wewe mwenyewe, umwambie, "Hii imetoka kwa mdogo wako." Nataka itoke mkononi mwako. Ni utoto, najua, nami nimeshaota mvi mbili.

Dada anachoka, Mama. Hasemi, lakini mwandiko wake siku hizi unalala kulia. Mshike kwenye kile kiti kifupi, usimruhusu ainuke upesi.

Mbuzi hatujamwona tena. Vibendera sasa tunavifunga juu.

Mwanao

---

Kiwandani,
10 Aprili

Mdogo wangu,

Bahasha ilikuwa kwenye kabati la nyuzi, rafu ya juu, nyuma ya nyuzi nyeupe ambazo hakuna shule inayoagiza. Haikuwa peke yake. Zilikuwa tatu, zote zako, zote kwa Mama, zote zimefungwa kama zilivyotoka posta.

Nitakueleza, nawe utanifanya utakavyo.

Mwezi wa kumi na moja nilimsomea Mama barua yako ya daraja. Nilikuwa na homa siku ile. Nilipomaliza akanishika mkono akasema, "Leo umesoma vizuri, nimemsikia mdogo wako kabisa, kama yupo hapa." Sauti ni yangu, koo linalouma ni langu, na aliyesikika ni wewe. Nilitoka nje nikasimama karibu na tanki la maji. Roho iliniuma, mdogo wangu, siwezi kukudanganya. Iliyofuata ilipofika, miguu ilinipeleka kabatini. Nikachukua ile ya mbuzi kwenye kopo la Mama la kuwekea barua nikamsomea hiyo, kama mpya. Akacheka pale pale. Nikasema moyoni, kumbe hajui tofauti. Na nilifurahi. Nilifurahi kwamba wewe unaandika mapya na mimi nampa yaliyochakaa.

Ile nene ilifika tarehe 1 Machi. Uliniambia umemwandikia Mama na mengine nitayapata kwake. Nikajua umenishtaki. Nilijiona nimekaa kwenye kile kiti nikimsomea Mama, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba nimeiweka nyumba yake rehani. Nikaisukuma nyuma ya nyuzi nyeupe. Tarehe 14 pale mahakamani, kila mlango ulipofunguliwa, kuna sehemu yangu ilikuwa inaomba asiwe mtu wa posta. Nilitaka uwe mbaya. Miaka yote hii nimekuwa nikingoja uwe mbaya waziwazi, ili Mama aone. Sikujali nyumba itakwenda wapi.

Barua yako ya juzi niliisoma nimeegemea kabati hilo hilo.

Nilizibeba zote tatu hadi kwa Wakili. Akaruka kwenye kiti: "Usifungue!" Tukaenda kwa karani wa mahakama, akaukagua muhuri wa posta, akaandika tarehe, akafungua. Karatasi yako ilikuwemo, imekunjwa mara nne. Wakili anasema tunaweza kuomba hukumu itenguliwe, maana sahihi ilikuwepo na ilikuwa mjini kabla ya siku yenyewe. Shauri litasikilizwa tarehe 28. Ila Hakimu atauliza swali moja, na lazima nilijibu kwa hati ya kiapo: bahasha ilifika tarehe 1 Machi, kwa nini imefunguliwa tarehe 9 Aprili?

Wakili anataka tuandike ilichanganyika na makaratasi ya ofisi. Anasema hutokea kila siku, hakuna atakayeshangaa. Nikiandika ya kweli, hati itasomwa mbele ya Muuza Nyuzi, mbele ya Fundi Mkuu, mbele ya wale wanawake kumi na wanne. Na Mama ameshasikia kuna kesi, mlinzi ana mdomo. Anataka kuja.

Nimeifuta hati hiyo mara nne. Niambie.

Dada yako

---

Kambini,
18 Aprili

Dada,

Nilikasirika mpaka nikapima kiwanja kimoja mara mbili nikapata majibu mawili. Sijapoa bado. Barua tatu! Ya pili ilikuwa na ua lililokaushwa.

Lakini nisikilize nawe. Usiandike ilichanganyika na makaratasi. Mtu aliyeiona ofisi yako hata mara moja ataangua kicheko, unapanga hata vifungo kwa ukubwa. Andika ilivyokuwa. Ukiogopa kusimama peke yako, hutasimama peke yako. Humu ndani kuna hati yangu. Nimeapa kwamba niliitia karatasi ya mahakama kwenye bahasha ya Mama kwa makusudi, ili anisifu mbele yako. Mkuu wa kambi aliisoma akaniuliza kama nina hakika nataka kuligongea hilo muhuri. Nikamwambia gonga.

Wivu wako umelala kabatini wiki tano. Wangu ndio ulioipeleka bahasha huko. Hakimu atupime sote.

Mdogo wako

Kwenye sweta sikukutania. Ni kweli mtu alitaka kuinunua.

---

Nyumbani,
2 Mei

Mdogo wangu,

Nimeandika ilivyokuwa. Wakili alisoma rasimu akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akasema, "Nina miaka ishirini kwenye kazi hii." Hakumalizia.

Hakimu ni mwanamke wa makamo, mkali. Alizisoma hati zote mbili kimya, kisha yangu akairudia kwa sauti. Alipofika kwenye neno lenyewe aliinua macho.

"Wivu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wivu wa nini?"

"Wa mdogo wangu kusomwa, mheshimiwa."

Wakili wa benki alicheka puani. Muuza Nyuzi alikuwa ameketi mbele yangu, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Fundi Mkuu alitazama viatu. Nilisimama tu, nimevaa zambarau. Sote tulivaa zambarau, baridi ilikuwepo na sweta ndizo hizo.

Kisha Hakimu akaomba kumsikia mwenye bahasha. Nilimshika Mama mkono hadi mbele. Akaulizwa kama mwezi Machi alisomewa barua yoyote.

"Nilisomewa ile ya mbuzi."

"Ulijua ni ya zamani?"

"Mheshimiwa," Mama akasema, "mbuzi mmoja hawezi kula kibendera kimoja mara kumi na moja."

Ukumbi wote uliangua kicheko, hata yule tarishi mwenye gundi yake. Mimi sikucheka.

"Kwa nini hukusema?"

Mama akasema, "Huyu mwanangu hukaa akiwa na barua tu. Bila barua husimama mlangoni, anauliza nimekula, anakwenda kwenye mashine zake. Ningesema, angeacha kukaa. Nami nilikuwa namwambia asome tena ili asiinuke."

Miaka sita, mdogo wangu. Soma tena, soma tena, na mimi nakuhesabia wewe.

Hukumu imetenguliwa. Makubaliano yamepokelewa na mnada umefutwa. Tutaanza kulipa mwezi wa sita, na tutalipa mpaka nywele zetu zote ziwe kama zako mbili. Muuza Nyuzi alikuwa ameshabeba mashine mbili, hizo hazirudi. Namba tisa ipo. Fundi Mkuu amekataa kuifuta chaki, anasema ibaki.

Tulipotoka nje Mama akanivuta mkono. "Kwani hii zambarau inanikaa vizuri?" Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema sauti yangu ikidanganya hupanda juu, tangu nikiwa na miaka minne.

Zile barua zako mbili nyingine nilimsomea jana, bila kuruka hata neno. Ua alilishika muda mrefu. Njoo ukipata likizo. Nitakuwa na kijicho, nakuambia kabla, lakini njoo, na vyombo utaosha.

Leo nilirudi kutoka kiwandani sina barua yoyote mkononi. Nilikaa kwenye kile kiti kifupi hivyo hivyo. Mama akageuza uso.

"Umeleta nini?"

"Sina kitu, Mama. Hakuna barua leo."

"Ile uliyoandika wewe ya mahakamani, unayo?"

Ilikuwa kwenye mkoba. Nikaitoa, nikaanza: mimi, mtoto wa kwanza, naapa na kusema kama ifuatavyo. Nilisoma mpaka mwisho. Nikaikunja, nikataka kuinuka.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Nilipofika mwisho sikuikunja, nilingoja. Akatafuta mkono wangu kwa vidole akaupata.

"Tena."

Dada yako